Uzio wa Borste na Pumzi ya Sixten

Jumatatu, 2 Machi

Siku ya thelathini na nane ya ndoa yangu. Sixten kaondoka jana asubuhi, karudi Norwe kutundika nyaya za umeme milimani. Wiki mbili huko, wiki moja hapa. Ndivyo kazi yake ilivyo, na nilijua nilipoolewa. Lakini kujua ni kitu kimoja, na sufuria ya viazi vya watu wawili ni kitu kingine. Nimevila vyote.

Mume wangu! Bado naliandika neno hilo polepole ili lichukue nafasi kubwa kwenye mstari. Ana masikio makubwa yanayowiva kabla mwili wake haujahisi baridi. Hunywa kahawa amefumba macho. Hasemi mengi. Huku Storselet hakuna asemaye mengi, na Storselet yenyewe ni nyumba kumi na moja, tatu hazina watu. Mimi ni mtu wa Ystad, kusini kabisa mwa nchi, ambako hata muuza samaki hukusimulia maumivu ya goti lake kabla hujachagua samaki.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye ubao wa matangazo dukani kuna picha ya mbwa. Haski, dume, miaka saba, jina lake Borste. Jicho moja la buluu, jingine la kahawia. Amekokota mkokoteni wa theluji miaka sita, tajiri wake akafunga biashara. Familia ya kwanza iliyomchukua ikamrudisha kituoni kwa sababu huimba akiachwa peke yake.

Nilisimama pale hadi mwenye duka akaniuliza kama nimeganda. Mbwa anayeimba akiachwa peke yake. Jamani, na mimi je?

Jana jioni nikampigia Sixten. Nikamweleza vizuri, kwa sauti ya asali, habari za macho yale mawili. Nikamuuliza kama tungeweza kumchukua. Akavuta pumzi ghafla, fyu, kama mtu aliyeonja kahawa ya moto. Kisha kimya. Haikuwa msonyo, msonyo naujua, mama yangu ni bingwa wake. Ulikuwa mshtuko. Maskini, moyo wake laini, hawezi kunitamkia hapana. Nikahamisha mazungumzo kwenye viazi.

Mpango: Atarudi Jumamosi tarehe 14. Atamkuta Borste amelala mlangoni, uzio umesimama, nyumba imeandaliwa. Mwanamume hawezi kukataa kitu ambacho tayari kimemlalia miguuni.

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda kituo cha mbwa, Arvidsjaur. Mwenye kituo ni Ragnhild, mwanamke mwenye mikono kama makasia na sentensi fupi kama vijiti vya kiberiti. Akanipa fomu. Uzio wa sentimita mia na themanini. Makabati yenye komeo. Atakuja kukagua Jumanne ijayo. Halafu sahihi za mume na mke, wote wawili.

Akauliza mume anakubali? Nikamwambia anakubali kwa moyo wake wote. Masikio yangu yakawiva kama ya Sixten. Labda ndoa huambukiza.

Nimefanya mazoezi ya sahihi yake nyuma ya mfuko wa unga mara kumi na nne. S yangu ni nzuri kuliko yake, ilibidi niiharibu kidogo. Namba yake ya simu nimeandika, ila saba nimeifanya moja. Kosa la mkono. Nani hajawahi kukosea?

Jioni akaja Gunvor, shangazi yake Sixten, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Huja kila Jumanne na vipande vya jibini mfukoni, avitumbukize kwenye kahawa yangu, avivue na kijiko vikiwa vimelegea, avitafune akinitazama. Huniita bibi arusi wa kusini, kama jina la meli. Leo kauliza mbona nimepima uwanja kwa hatua. Nikamwambia ni mazoezi ya viungo.

Kifua chake bado kibaya. Kila ninaposema neno, fyu, anavuta pumzi. Nikasema leo baridi, shangazi. Fyu. Nikamwuliza nimwongeze kahawa. Fyu. Nimempa tena kijiko cha asali na maji ya kitunguu, dawa ya bibi yangu. Akakinywa polepole bila kusema. Mwenye duka naye anacho kifua hicho hicho. Mleta mizigo pia. Ni hii hewa. Hata Sixten anacho kidogo, lakini chake ni cha hisia.

Jumatano, 4 Machi

Mungu anawapenda wanandoa wapya! Mleta mizigo kashusha mzigo wa Sixten: bunda la wavu wa waya, mita ishirini na tano, na nguzo nane. Urefu wa wavu, sentimita mia na themanini. Hasa! Nimeusoma mkanda wa vipimo mara tatu.

Bila shaka ni vitu vya kazini, vimeletwa nyumbani kwa makosa. Nitaviazima. Akiuliza nitausingizia upepo.

Mchana nimefunga komeo kwenye makabati. Kwenye friji nikafunga kamba kwa fundo alilonionyesha Sixten, fundo la mafundi wa nyaya, lisilofunguka hata kwa dhoruba. Halifunguki. Chakula cha jioni kilikuwa mkate mkavu.

Kijitabu cha kituo kinasema haski hateseki sana kwa upweke akisikia sauti ya mwenyewe. Kwa vile asubuhi tatu kwa wiki nakuwa jikoni kwenye nyumba ya wazee, nimejirekodi kwenye redio nikisoma gazeti la mkoa, saa nzima, na matangazo ya vifo pia. Nikaiwasha nijaribu. Yule mwanamke wa redioni akasema habari za asubuhi. Nikamwitikia. Nikakaa nikamsikiliza mpaka kwenye matokeo ya mchezo wa magongo, na mimi mchezo huo siupendi.

Alhamisi, 5 Machi

Ardhi ni chuma. Nguzo ya kwanza imepinda, ardhi haikuona hata aibu.

Ndipo nikapata wazo ambalo lingemfanya Sixten anioe upya. Nikachimba mashimo kwenye theluji hadi chini, nikasimamisha nguzo, nikamwagia maji. Dakika ishirini, barafu. Zege la bure! Nguzo nane, wavu ukakaza, lango la ubao wa kitanda cha zamani. Nilirudi nyuma nikautazama uzio wangu nikalia kidogo. Machozi nayo yakaganda, kila kitu hapa hufuata kanuni moja.

Gunvor akavuka barabara. Akauzunguka mara moja mikono nyuma. Akauliza urefu. Nikasema kwa fahari, mia na themanini. Akauliza, na theluji je? Nikasema theluji nini? Akachomeka fimbo yake ya kutembelea mpaka ikagonga chini, akaitoa, akaisoma kama daktari anayesoma kipimajoto. Mita moja na robo. Akasema basi mbwa atasimama juu ya theluji, na kwake uzio huo ni wa kumfika kidevuni, na yeye mwenyewe, pamoja na nyonga yake ya bandia, angeuruka akiwa amebeba sinia la vikombe.

Kisha akauliza mbwa gani. Nikasema mbwa wa kudhani tu. Fyu, akafanya, akaenda zake. Namwonea huruma, lakini si sana.

Jumamosi, 7 Machi

Siku mbili za koleo. Kama uzio hauwezi kupanda, theluji itashuka. Nimechimba ndani ya uzio mpaka nikaona majani ya mwaka jana yamelala chini kama nywele za mzee.

Shida ni moja. Theluji ukiitoa mahali lazima uiweke mahali. Nimeirusha pembeni, na pembeni ndipo uzio ulipo. Sasa nina shimo zuri katikati, na upande wa kaskazini nina kilima kinachopanda taratibu hadi juu ya wavu, kama ngazi ya kanisa. Gunvor alikuwa dirishani na kahawa yake. Alinipungia mkono. Nilimpungia koleo.

Nimempigia Sixten. Koleo limenimaliza mikono, simu nikailaza juu ya mto wake. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema shwari, nimepumzika tu. Nikamuuliza kama ananikumbuka. Fyu, halafu upepo wa mlimani, mtu mwingine kule anacheka. Nikasema usijali mpenzi, si lazima ujibu. Akasema, enhe? Mtandao ukakatika.

Nalala na sweta lake. Ni kwa ajili ya mbwa, azoee harufu.

Jumatatu, 9 Machi

Joto! Digrii nne juu ya sifuri, tena mwezi wa tatu, na siku yangu ya kukaguliwa ni kesho. Paa linadondoka, barabara inadondoka, zege langu la bure linadondoka. Nguzo zote nane zimeegama upande mmoja kama walevi wanaopigwa picha.

Nimezifunga kwa kamba ya kuanikia nguo hadi kwenye mti wa msonobari. Zimesimama. Nikivuta pumzi karibu nazo zinalala.

Jumanne, 10 Machi

Naandika haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Ragnhild alikuja saa nne, na ndani ya gari alikuwamo Borste. Sikujua angemleta. Nilikuwa nimejiandaa kwa Ragnhild, sikuwa nimejiandaa kwa macho yale. La buluu lilitazama uzio. La kahawia lilinitazama mimi.

Ragnhild akamwingiza uwanjani, akafunga lango la kitanda. Tukasimama. Borste akanusa shimo langu. Akatembea, hata hakukimbia, akapanda ngazi ya kanisa kwa heshima zote, akafika juu ya wavu, akashuka ng'ambo. Nguzo moja ikalala. Kisha ya pili. Zote nane zikalala moja moja, polepole, pamoja na nguo za ndani nilizosahau kwenye kamba.

Nilijua ndio mwisho. Ataishia Norwe. Lakini Borste akaizunguka nyumba, akapanda kibaraza cha mbele, akaupiga mlango kwa mguu mara mbili, kama mgeni mwenye adabu. Akakaa. Nilimfungulia. Ndani sauti yangu ilikuwa ikisoma gazeti, nilikuwa nimeiacha. Akaisikiliza kichwa upande, kisha akalala mbele ya redio na kuvuta pumzi ndefu. Mimi nilishika mlango.

Ragnhild aliangalia makabati. Aliangalia friji na fundo lake. Akaikunjua fomu akasema namba ya simu imekosewa. Akasema Sixten alisoma naye darasa moja miaka tisa, namba yake anaijua kwa kichwa, ameshaisahihisha. Maji yakanifika shingoni. Nikaona bora kuuliza papo hapo. Nikasema, dada Ragnhild, niambie ukweli, mnanipa huyu mbwa?

Akavuta pumzi. Fyu.

Yule pia. Mshtuko ule ule wa Sixten, huruma ile ile ya mtu asiyeweza kutamka hapana. Akavaa glavu, akasema haya basi, nitampigia Sixten. Akamwita Borste. Borste alinyanyuka kwa taratibu za mzee. Gari likaondoka. Nilisikia akiimba mpaka kwenye daraja.

Jumatano, 11 Machi

Tathmini ya hali yangu. Mbwa nimemkosa. Sahihi nimeghushi. Ragnhild atampigia Sixten na kumwambia kila kitu, kama bado hajampigia. Wavu wa tajiri wake umelala kwenye matope na nguo zangu za ndani. Siku ya arobaini na saba ya ndoa yangu na tayari mimi ni mhalifu.

Kazini mzee mmoja kaniuliza mbona supu ina chumvi. Nikamwambia ni mapishi ya kusini.

Mpango mpya: kufuta ushahidi. Uzio uondoke, bunda lifungwe upya, mkanda wa vipimo urudi mahali pake. Ragnhild aseme atakalo, Sixten atakuta uwanja mweupe kama dhamiri ya mtoto. Nani ataamini?

Alhamisi, 12 Machi

Baridi imerudi, digrii kumi na sita chini ya sifuri. Nguzo zilizokataa kusimama sasa zinakataa kunyanyuka. Zimegandia pale pale zilipolala. Nimemwaga birika baada ya birika. Nanyanyua moja, maji ya ile yanagandisha nyingine.

Saa nane nikasikia hatua. Gunvor, na birika lake. Hakuuliza. Alimwaga, mimi nikavuta. Tulipofika nguzo ya tano nikashindwa, nikakaa kwenye theluji nikamwambia yote: kwamba Sixten hamtaki mbwa, kwamba nimeghushi, kwamba nyumba hii Sixten akiondoka huwa kubwa mno, naisikia saa ya jikoni nikiwa bafuni. Kila nilipotua, fyu. Alipomaliza kunisikiliza akasema tano zimetoka, bado tatu, simama mwanangu utashikwa na maradhi ya kibofu.

Nikamletea asali yake. Akaishika chupa, akanitazama muda mrefu. Akainywa.

Jumamosi, 14 Machi

Kwanza: mimi ni mke mwenye furaha kuliko wote kaskazini ya dunia. Pili: mimi ni mjinga. Nitaeleza.

Saa saba gari la Sixten likaingia. Nilikuwa nimesimama kibarazani, hotuba yangu ya toba kichwani, yenye sehemu tatu. Akashuka. Masikio mekundu. Akafungua mlango wa nyuma, na Borste akashuka, jicho la buluu kwanza.

Hotuba ilipotea.

Sixten akautazama uwanja: shimo, kilima, matundu manane, na bunda la wavu limefungwa vizuri kwa utepe. Akauliza uzio uko wapi, Ragnhild kamwambia nilikuwa nimeujenga. Nikasema nimeubomoa. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ni wa tajiri wako. Akasema si wa tajiri, kaununua yeye, kesho yake baada ya simu yangu, kwa ajili ya mbwa. Nikasema mbwa gani, wakati ulikataa mbwa? Akakunja uso. Akasema alisema ndiyo.

Nikasema hukusema ndiyo, hukusema chochote, ulivuta pumzi kama mtu anayeungua.

Akanitazama. Akafanya taratibu, kama anamfundisha mtoto: fyu. Akasema huku kwetu pumzi hiyo maana yake ndiyo.

Ng'ambo ya barabara kikasikika kishindo. Gunvor alikuwa amekaa kwenye theluji, mwili mzima unatikisika kwa kicheko. Nilipomfikia kumnyanyua alikuwa anafuta machozi. Akasema wiki saba, mke wetu, wiki saba unaninywesha kitunguu kila Jumanne. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema alidhani ni mila za kusini, na mgeni hakatai mila ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo Ragnhild naye alinikubalia. Na mwenye duka hana kifua. Na Sixten, nilipomuuliza kama ananikumbuka, alinijibu, nami nikamwambia si lazima ajibu.

Kisha nikakumbuka bandarini Ystad, mwaka jana, nilipomwomba anioe. Fyu, akafanya, na mimi nikadhani analia, nikamwambia usijibu sasa, nikakimbia. Siku nne sikumpokelea simu. Siku ya tano akaja na tarehe ya kanisa. Nikamuuliza leo. Akasema alinijibu pale pale, mimi ndiye niliyemtoroka, na siku zile nne hakula.

Sahihi? Akaitoa fomu mfukoni. Akasema S yangu ni nzuri kuliko yake, niendelee nayo. Nikamuuliza kama amenisamehe. Nikamwekea mkono kifuani, nikausikia upepo ukiingia.

Jumatatu, 23 Machi

Sixten kaondoka jana. Uzio wake umesimama, nguzo zimefungwa kwenye ukuta wa banda kwa vyuma, theluji imetupwa nje. Mbinu ya kawaida kabisa. Sikuona ulazima wa kuisifia.

Borste alikaa mlangoni kuanzia saa mbili mpaka mchana, pua kwenye mwanya. Nami nilikaa kwenye kiti cha kuvulia viatu, kwa kuwa nilikuwa navua viatu. Alipoanza kuimba nilijizuia. Kisha sikujizuia. Gunvor kapiga simu kuuliza nani kati yetu ndiye mwenye sauti nyembamba.

Lakini nimegundua kitu. Borste amezoea kulala na mbwa kumi na wanne. Mtu mmoja na sauti moja kwenye redio havimtoshi. Na kituoni Ragnhild ana jike, Sotan, mweusi, haoni kwa jicho moja. Kwa hesabu yangu hao wawili watakuwa na macho matatu, ambayo ni ya kutosha kabisa.

Nimempigia Sixten jioni, saa ya mapumziko yao. Nikamweleza vizuri, kwa sauti ya asali. Nikamuuliza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, mtu akisema iko motomoto hiyo, angalia. Kisha Sixten: fyu.

Kahawa, labda. Au ndiyo.

Mimi sasa ni mwenyeji, lugha ya huku naijua. Nikamwambia nakupenda, nikakata simu kabla kahawa yake haijapoa. Fomu ninayo. S nimeiandika kwa mpigo mmoja bila hata kufanya mazoezi.